Ng'ombe wa Amana

Nilipofika kwa Sulle Bura na kopo la rangi nyekundu mkononi, hakuna aliyeitikia hodi yangu. Walikuwepo wote uani. Mama mkwe wake alikuwa anapepeta mahindi, na aliponiona akageuza ungo ili makapi yanijie mimi. Paskalina, mke wa Sulle, alikaa kwenye kigoda, tumbo la miezi yake ya mwisho limemlemea, akanitazama kama mbwa aliyeingia jikoni. Katoto kao ndiko peke yake kalikofungua mdomo.

"Kufuli amekuja," kakasema.

Hilo ndilo jina langu katika bonde lote la Tlaghasi. Kanisani nilibatizwa Teofila, chuoni wakanipa udaktari wa mifugo, na watu wangu wakanipa Kufuli. Sawa. Ningekuwa mtu wa kukasirikia majina ningeacha kazi hii zamani nikauze nyanya.

Sulle akatoka zizini, mikono imejaa mavi ya ng'ombe, na hakunawa. Tulisoma darasa moja, mimi na yeye.

"Sema ulichokuja nacho uende," akaniambia.

"Mizani imesoma Akiba kwenye damu ya ng'ombe wako. Yule jike wa madoa, aliyechanika sikio la kushoto. Amepita chini ya tao la josho wiki hii, hereni yake ikasema."

"Mimi Akiba sijawahi kuishika tangu nizaliwe."

"Hapa bondeni hakuna aliyewahi kuishika. Ng'ombe wanaichuma mitini."

Sikusema hivyo kwa mzaha. Nimechoka na watu wanaoniapia huku Mizani, mtambo unaosoma damu ya kila ng'ombe kupitia hereni ya sikioni, imeshaona. Akiba ndiyo dawa pekee iliyobaki yenye nguvu ya kuua wadudu wa kidonda na wa homa, na imebaki peke yake kwa sababu zile nyingine tulizimaliza wenyewe. Babu zetu walizitia kwenye maji ya kuku wazima, kwenye pumba za nguruwe wanenepe upesi, kwenye ndoo ya ndama aliyeharisha siku moja. Na madaktari wa mifugo, wakubwa zangu hao, walichoma sindano hata pale palipohitajika maji na chumvi tu, maana mfugaji asipoona sindano anadhani ameibiwa. Wadudu wakazizoea dawa zote. Ukaja Mwaka wa Majipu, mtu akawa anakufa kwa mwiba. Kaka yangu alijikata kidole cha mguu na jembe tukiwa tunapalilia, tukamzika kabla mahindi hayajachanua. Kwa hiyo mtu akinililia kuhusu dume lake au mtamba wake namsikiliza, lakini moyo wangu hauyeyuki.

"Yuko wapi huyo wa madoa?" nikauliza. Zizini nilimwona mweusi, nikaona wekundu, nikaona ndama. Wa madoa hakuwepo.

"Malishoni."

"Malisho gani, na wenzake wote wako hapa? Sulle, kama umemweka amana kwa mtu, niambie ni nani. Dawa amepewa kule anakolala, haikutolewa hapa kwako. Ukinitajia, nafunga kule."

Akafuta mkono mmoja kwenye suruali, taratibu.

"Ng'ombe wangu alipo napajua mimi," akasema.

Nilijua atasema hivyo. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote nyumbani. Mmoja unamweka kwa rafiki wa mlima wa pili, mwingine kwa shemeji, ugonjwa ukipiga hapa usikumalize, na jirani mwenye kijicho asijue mali yako yote. Anayewekewa anakunywa maziwa na kufunga mdomo. Kumtaja ni kumvua nguo mbele ya watu. Ilipoletwa sheria ya hereni wazee walikubali kila ng'ombe asomwe damu, ila wakagomea hereni kuonyesha mahali alipo. Damu tutawapa, wakasema, njia zetu hatuwapi. Waliotunga Mizani wakakubali kwa haraka, wakaandika kwamba ng'ombe ni wa kaya ya mwenye hereni. Watu wa mjini. Kwao ng'ombe na mwenyewe wanalala mahali pamoja.

Nikafungua kopo, nikapaka mlango wa zizi, kisha mlango wa nyumba. Kaya ikifungwa, inafungwa pamoja na watu wake, kwa sababu mdudu hajali kama yuko kwenye kiwele au kwenye kidonda cha mtoto. Hakuna Akiba kwa yeyote wa kaya hiyo, mnyama au binadamu, mpaka mvua za vuli zipite na hereni zisome safi.

"Mke wangu anajifungua mwezi huu," Sulle akasema nyuma yangu.

"Basi nitajie jina."

Akarudi zizini. Mama mkwe wake akatema mate karibu na kiatu changu, na nikaondoka.

*

Tabibu wa kituo cha afya anaitwa Deemay, na hanipendi hata kidogo. Aliponipigia simu hakunisalimu.

"Njoo uone kazi yako," akasema, akakata.

Paskalina alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike, kisha homa ikampanda. Midomo ilikuwa imekauka, macho yanang'aa, tumbo halishikiki. Mtoto alilala kwa bibi yake, kwenye kona, na bibi hakuniangalia. Sulle alisimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma kama kitanda kitaondoka.

Deemay akanivuta mpaka kwenye kabati la Akiba. Akaliwekea picha ya kidole gumba cha Paskalina iliyokuwa kwenye kibao chake, na kabati likawaka nyekundu. Kaya imefungwa, likaandika. Akarudia ili nione. Nyekundu tena.

"Nimempa kila kilichopo rafuni," akasema. "Ni sawa na kumpa uji. Kesho jioni atakuwa amekufa, na mimi nitaandika kwamba aliuawa na rangi ya mlango."

"Kufuli naweza kulihamisha, siwezi kuliondoa," nikamwambia. "Linatoka kwenye kaya moja kwenda kaya nyingine. Nipeni jina la mwenye kumtunza yule ng'ombe, Mizani itafungua hapa sasa hivi."

Tukamgeukia Sulle. Nimeona wanaume wengi wakinichukia, na chuki naijua sura yake. Safari hii macho yake yalikuwa na kitu kingine, kama mtu anayeona haya kwa niaba yangu.

"Sulle," nikasema. "Mkeo anakufa kwa ajili ya rafiki."

"Mwandike marehemu Gwandu," akasema. "Yule mzee wa kule juu. Nyumba yake tupu, wanawe wako mbali. Sema ng'ombe alikuwa kwake. Funga nyumba ya marehemu, haimuumizi mtu."

"Hilo lina akili," Deemay akadakia upesi mno, nikajua walishalizungumza kabla sijafika. "Weka kidole chako, Teofila. Kwa mara moja tu katika maisha yako uwe mtu."

"Na ng'ombe mwenyewe? Amepewa Akiba na asiyejua kipimo. Aliyepewa kidogo ni mbaya kuliko ambaye hakupewa, maana wadudu wamechokozwa wakaachwa hai. Sasa hivi wamo kwenye maziwa yake. Maziwa hayo yananywewa na nani? Nikimfungia marehemu, nani atakwenda kumpima huyo ng'ombe?"

"Nyie na wadudu wenu," bibi akasema kule konani.

Ndipo Paskalina akaongea. Tulidhani amelala.

"Yuko kwa mama yako," akasema.

"Nyamaza," Sulle akamwambia.

"Wa madoa yuko kwa mama yako, Kufuli. Tangu masika ya mwaka jana. Mfungie basi."

Nilimwona yule ng'ombe machoni pangu, amelala chini ya banda la mama, anacheua, sikio lake lililochanika likifukuza nzi. Nimepita karibu naye kila Jumapili nikidhani ni wa mama, hata sikio lile halikunikumbusha kitu. Chai ya maziwa yake nimeinywa. Mama yangu mzazi, na hakuniambia, kwa sababu amana haiambiwi hata mtoto.

Na mguu wa mama nikauona pia. Mama ana kisukari. Alikuwa na kidonda cha unyayo ambacho kabla ya Akiba kilikuwa kimeanza kunuka. Deemay mwenyewe ndiye aliyempa dawa, kwenye kile kikopo kinachofungua kidonge kimoja kila asubuhi akikibonyeza kwa kidole. Kidonda hakijapona bado. Kinahitaji dozi nyingine, na Deemay alikuwa anajua hivyo.

Sulle akacheka kidogo, cheko baya.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," akasema. Hakuumalizia.

"Sasa umeelewa kwa nini nilisema marehemu?" akaendelea, kwa sauti ya chini. "Sikuwa namlinda rafiki tu. Mama yako alinilea wakati mama yangu yuko hospitali. Weka Gwandu. Mke wangu apone, mguu wa mama upone, na mimi nitamchukua ng'ombe wangu leo leo nimchinje mwenyewe. Nani atajua?"

Watu wanadhani mimi sina moyo. Nilitaka kuandika Gwandu. Nilitaka sana, kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kioo cha kibao, na herufi ya kwanza nilishaiandika. Lakini Sulle akimchinja, atamla. Atawagawia majirani nyama, kama kawaida. Utumbo utaoshwa mtoni, na Mizani itakuwa inamtazama marehemu kule mlimani wakati wadudu wanashuka na maji kwenda kwa kila mtu. Halafu mwanamke mwingine atalala kwenye kitanda hiki, kabati litawaka kijani, atapewa Akiba, na haitamfaa kitu. Kaka yangu naye alipewa dawa, na haikumfaa kitu.

Nikafuta ile herufi. Nikaandika jina la mama yangu.

Kabati likawaka kijani. Deemay akachukua chupa, akaenda kitandani bila kunitazama, akaanza kutafuta mshipa.

"Wewe si mtu," Sulle akaniambia. Mkewe alikuwa anapata dawa, naye ananiambia hivyo.

*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Rangi."

"Ya mlango wa nani?"

"Wako."

Mama alikuwa amekaa nje, mguu mbaya ameunyoosha juu ya gunia. Hakushtuka. Akatazama kopo, akanitazama mimi, akavuta kanga yake begani.

"Sulle amenitaja?"

"Hakukutaja. Paskalina ndiye aliyesema, akiwa na homa kali."

"Mimi nilijua Sulle hawezi," akasema, na nikaona ameridhika, jambo lililonipandisha hasira zaidi.

"Ulimpa nini yule ng'ombe?"

"Vidonge vyangu."

"Vidonge vyako vipi? Kikopo kinafungua kimoja kimoja, na kila asubuhi kilinionyesha umefungua."

"Kikopo kinafungua. Kumeza sicho kinachomeza." Akagusa pindo la kanga yake, pale wanawake wanapofunga hela. "Mguu ulikuwa umepoa, hauumi. Nikaona vya nini tena, nikavifunga hapa. Kiwele cha yule ng'ombe kikavimba kikawa kigumu, maziwa yanatoka na damu. Nikavisaga, nikampa kwenye pumba. Akapata nafuu."

"Alipata nafuu siku ngapi?"

Akalisogeza gunia chini ya mguu.

"Mama, kiwele kile kilitaka kukamuliwa mara kwa mara na kukandwa kwa maji moto. Hakikutaka hata dawa. Ungeniita."

"Nilikikanda. Mguu ukanikatalia kuinama. Nikuite wewe uje na vyombo vyako, uandike ng'ombe wa Sulle yuko kwa mama Teofila, bonde lote lijue?"

"Ningekuja kimya kimya."

"Wewe? Kimya kimya?" Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nilipovunja mtungi. "Ng'ombe wa mtu ni amana. Akifia mkononi mwako umekufa naye. Angekuwa ng'ombe wangu ningemwacha afe, ningekula nyama na kumshukuru Mungu."

Hapo ndipo hasira zangu ziliponishinda. Nikamwambia yote. Kwamba vidonge vya mtu kwa ng'ombe ni tone kwenye pipa, vimewafundisha wadudu kupigana. Kwamba aliacha dawa yake katikati, kwa hiyo na kidonda chake kimewafundisha vilevile. Kwamba nimepima maziwa pale bandani kabla sijamsalimia, na kipimo kimegeuka cheusi, usugu kamili. Kwamba kaya yake imefungwa mpaka vuli ipite, na mguu ukirudi kunuka sitakuwa na cha kumpa, mimi, mwanaye, mwenye funguo za Akiba za bonde zima. Nilipiga kelele. Majirani walisimama kwenye ua wao wakisikiliza na hawakujificha.

Mama akaniacha nimalize.

"Na ng'ombe?" akauliza.

"Anauawa leo. Anachomwa."

"Haya. Niachie ngozi."

"Anachomwa mzima, mama. Na ngozi yake. Ni sheria."

Sasa ndipo akashtuka. Akataka kusimama, mguu ukamrudisha chini.

"Niende kwa Sulle na nini?" akauliza. "Teofila. Wewe umezaliwa hapa. Amana ikifa unampelekea mwenyewe ngozi, aione kwa macho yake kwamba hukuuza na hukula. Nikienda mikono mitupu mimi ni mwizi. Hakuna atakayeniwekea hata mbuzi tena, wala mimi wala wewe wala watoto utakaozaa."

"Siwezi kukupa ngozi."

"Basi paka rangi yako."

Nikapaka. Mlango wa banda, kisha mlango wa nyumba niliyozaliwa. Alinitazama muda wote. Nilipotaka kufunga kopo akanyoosha fimbo yake.

"Huko chini umeruka," akasema. "Wasije wakasema umempendelea mtu."

Nikapaka na huko chini.

*

Ng'ombe tulimchoma nyuma ya josho, mimi na watu wa kata, na moshi ukakaa bondeni mpaka kesho yake. Kabla ya moto nilimkata hereni. Sheria inasema hereni irudishwe ofisini. Niliiosha kwa spiriti, nikaipitisha kwenye moto, nikaipeleka kwa mama. Ilikuwa na jina la Sulle, na kipande cha sikio lililochanika kilikuwa kimeacha alama kwenye tundu lake. Nikamwambia hii ndiyo ngozi niliyonayo.

Aliigeuzageuza kwa muda mrefu. Kisha akaifunga kwenye pindo la kanga, pale pale alipofunga vidonge.

Tulingoja mpaka Paskalina akaruhusiwa kurudi nyumbani na mtoto. Asubuhi hiyo nilimletea mama gari mpaka mlangoni. Akalipita.

"Amana hairudishwi na gari la Mizani," akasema, akashika njia ya mlima na fimbo yake.

Hata kwa mwenye miguu mizima ile njia ni ya kupumzika mara mbili. Nilimfuata nyuma na gari kwa mwendo wa mguu wake, gia ya kwanza, dirisha wazi, nikimsihi apande, mpaka watu waliokuwa mashambani wakaacha majembe kututazama. Hakugeuka. Kitambaa alichofungia unyayo kilianza kulowa tulipofika mtoni, na alipovuka aliyakanyaga yale matope kama mguu si wake.

Kwa Sulle walimwitikia hodi kabla hajaimaliza. Paskalina akatoka na mtoto mgongoni, mwembamba, lakini anatembea. Mama akafungua pindo, akatoa hereni kwa mikono miwili, na Sulle akaipokea kwa mikono miwili. Akalisoma jina lake.

"Nimeipokea, mama," akasema. "Hakufia mkononi mwako."

"Hakufia," mama akasema. Akaninyooshea kidevu pale nilipoegesha. "Aliuawa na yule."

"Tunajua."

Wakamkalisha kwenye kigoda. Mama mkwe wa Sulle akachemsha maji, akayatia chumvi, na Paskalina akapiga magoti, akaanza kumfungua kitambaa.

Mimi sikuwa nimekuja kukaa. Kaya ikifunguliwa, aliyepaka ndiye anayekwangua. Nikachukua panga kwenye gari, nikapiga hodi, na hakuna aliyeitikia. Nikaanza na mlango wa zizi. Rangi ile inatoka vibaya, inabanduka vipande vidogo vidogo na kukuingia kwenye kucha. Nilikuwa nimefika katikati ya ubao wa pili kitambaa kilipotoka mguuni, na upepo ukaniletea harufu yake pale nilipo. Naijua ile harufu, ni ileile ya mwaka ule wa jembe. Paskalina naye aliisikia, maana aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na chuki usoni mwake, alikuwa anasubiri niseme kuna kitu naweza kufanya.

Nikainama, nikaendelea kukwangua.